Maswali ya Wasomaji: Kifuko cha Nyongo Kinapojikaza

SWALI: Nipo Wete, Pemba. Nikifuturu kwa muhogo wa nazi na sambusa, kama nusu saa baadaye hushikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia. Altrasaundi imeonesha vijiwe, ila nimeambiwa kifuko cha nyongo kinajikaza vizuri, asilimia 56. Ikiwa msuli wake ni mzima, maumivu yanatoka wapi? Na hiyo asilimia hupatikanaje?

JIBU: Yanatoka kwenye huo huo uzima. Mafuta na protini zikifika mwanzo wa utumbo mdogo, homoni ya kolesistokinini huingia katika damu. Kalsiamu hupanda ndani ya seli za msuli laini wa kifuko, nyuzi za miosini hushika za aktini (zote ni protini za msuli) na kuzivuta. Wakati huo huo vali ya Oddi, mwisho wa njia ya nyongo, hulegea. Njia ikiwa wazi, msuli hufupika na nyongo hutoka bila shinikizo kubwa. Kijiwe kikiziba shingo ya kifuko, msuli huvuta vile vile lakini hauna nafasi ya kufupika, na nguvu yote hugeuka mvutano wa ukuta. Huo ndio unaouma.

Msuli laini hufanya kazi polepole na kwa nishati kidogo, kwa hiyo huweza kubaki umekaza muda mrefu. Ndiyo maana maumivu haya hupanda yakaganda palepale, khasa saa za usiku baada ya futari nzito. Upana nao una hesabu yake: kifuko kikitanuka, ukuta hulazimika kuvutika zaidi ili kutoa shinikizo lile lile, na aliyefunga mchana kutwa futari humkuta kifuko kimejaa. Tui lisikudanganye kwa ulaini wake: karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, yenye mnyororo wa kaboni 12, na urefu huo unatosha kuiamsha homoni.

Asilimia hupatikana kwa vipimo viwili. Mgonjwa hukaa bila chakula saa 6 hadi 8. Urefu, upana na kina cha kifuko huzidishwa pamoja, kisha mara 0.52. Mfano sm 8 × 3 × 3 ni mililita 37. Hupewa mlo wa mafuta, hupimwa tena baada ya dakika 30 hadi 60: sm 6.5 × 2.2 × 2.2 ni mililita 16. Iliyotoka ni 21 katika 37, takriban asilimia 56. Chini ya 35 hadi 40 huhesabiwa udhaifu.

Kipimo huharibika kwa chai ya maziwa iliyonywewa asubuhi, kwa kupima tena mapema mno, na kwa dawa: kodeini na mofini hubana vali ya Oddi, hayosini hulegeza msuli. Mwambie mpimaji ulichomeza. Katika Ramadhani, aliyekula daku saa 10 alfajiri yuko tayari kwa kipimo cha kwanza saa 6 mchana, lakini cha pili kinataka kula, kwa hiyo bora kipangwe baada ya magharibi.

Usinywe mafuta ya zeituni na ndimu kwa nia ya kusukuma vijiwe. Unakikaza kifuko makusudi, na kijiwe kidogo huweza kukwama kwenye njia kuu ya nyongo. Vijiwe vinavyouma mara kwa mara, tiba yake ni kuondoa kifuko kwa upasuaji. Hadi siku hiyo punguza tui na vya kukaanga, ule kidogo kidogo. Maumivu yakidumu zaidi ya muda wa saa 6, au yakija na homa, au macho yakawa manjano, nenda hospitali usiku huo huo.