Muulize Mchoraji: Siku ya tisa na watu wangu bado wamesimama kama milingoti

Shikamoo mwalimu. Nimeingia chalenji ya kuchora mtu mmoja kila siku kwa siku 30, leo ni ya tisa na naona kama narudi nyuma. Kila ninayemchora anasimama wima kama mlingoti, mikono imeganda pembeni, na mchoro mmoja unanila masaa mawili mpaka usiku wa manane. Naanzia usoni, macho yanatoka poa kabisa, nikifika chini miguu haienei kwenye karatasi inabidi niifupishe. Halafu juzi na jana nilishikwa na mafua sikuchora, kwa hiyo leo nadaiwa watu watatu. Niendelee au niache tu?

Marahaba. Usiache, ila hilo deni lifute sasa hivi kabla hujamaliza kusoma hapa. Unadaiwa na nani? Mi nilishawahi kujidai watu kumi na moja, nikakaa Jumapili nzima nalipa, wakatoka kumi na moja wanaofanana kama wametolewa kiwanda kimoja, na penseli nikaichukia mwezi mzima. Siku ikipita imepita, leo chora wa leo.

Sasa masaa mawili. Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Mazoezi ya mwili wa mtu huanza na muda mfupi kweli kweli, sekunde 30, dakika moja, dakika mbili, tano ni anasa. Weka taima ya simu, chora watu kumi wa dakika moja moja halafu mmoja wa dakika kumi, nusu saa haijaisha ushamaliza na kulala unalala. Ndani ya sekunde 30 huwezi kuchora kope hata ukitaka, kwa hiyo jicho linalazimika kuuliza swali la maana: huyu mtu mwili wake mzima unafanya nini? Anavuta, anaegemea, amechoka? Jibu la swali hilo ni mstari mmoja, unaanzia kichwani unapita mgongoni unashuka mpaka kwenye mguu uliobeba uzito. Ukishauweka huo, ongeza miwili mifupi, mmoja wa mabega na mmoja wa nyonga. Basi, hiyo ndo sketchi, nyama zitakuja.

Na usiniamini hivi hivi, simama hapo ulipo. Uzito wote uweke mguu wa kulia, goti la kushoto lilegeze, mikono shika nyonga. Umeona? Nyonga ya kulia imepanda, ya kushoto imeshuka, na ukijilegeza kabisa bega la kulia nalo linashuka kuifuata ile nyonga, yaani mabega na nyonga vinainama kinyume. Watu wako wana mistari yote miwili imelala sambamba kama ngazi, ndo maana wamekuwa milingoti. Wala usijione mjinga, wachongaji wa Ugiriki ya kale nao walikaa miaka na miaka wakichonga vijana waliokakamaa hivyo hivyo, mguu mmoja mbele lakini uzito umegawanywa sawa kwa yote miwili, mpaka karne ya 5 kabla ya Kristo ndo kina Polykleitos wakaifanya sanamu ya mtu ipumzikie mguu mmoja, na ikaonekana kama inataka kutembea.

Kitu kingine hapo hapo. Ukiona mtu wako anaelea au anataka kuanguka, tafuta kile kishimo cha chini ya koo, kati ya mitulinga. Mtu akisimama kwa mguu mmoja bila kuegemea chochote, kishimo kile kinakaa karibu juu kabisa ya kifundo cha mguu uliobeba uzito. Fundi wa kuta ana timazi, we una penseli: inyooshe wima mbele ya jicho moja, ipitishe kishimoni, angalia inaangukia wapi chini, halafu fanya hivyo hivyo kwenye mchoro wako. Mi nikikagua michoro ya watu naanza na hapo, na mara nyingi naishia hapo hapo.

Miguu kutoenea, hiyo dawa yake haichukui muda. Acha kuanza na macho. Weka alama ya utosi juu, alama ya wayo chini, kisha gawa katikati: nusu ya urefu wa mtu mzima inaangukia karibu na kinena, sio kiunoni kama wengi tunavyodhani. Mtu mzima wa kawaida ana kama vichwa saba na nusu kwa urefu, wachoraji wanaotaka shujaa wanampa vinane, na mtoto wa mwaka mmoja ana kama vinne tu, ndo maana ukimchora mtoto kwa vipimo vya mkubwa anatoka kizee kidogo cha kutisha. Ila vipimo hivyo ni vya mtu aliyesimama wima mbele yako, akikaa au akikuelekezea goti vinavurugika, inabidi uamini jicho.

Mwalimu, kuchora kwa kuangalia picha ni wizi? Na raba je, inaruhusiwa?

Mazoezi sio wizi, ila ukitaka kuuonyesha mchoro hadharani mtaje mwenye picha. Shida ya picha ni nyingine: kamera ikiwa karibu inakuza kilicho mbele, goti linakuwa kubwa kuliko kichwa, na we unakopi kosa la lenzi ukidhani ndo mwili. Changanya, siku mbili tatu picha, siku moja watu wanaopumua. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji watembee na kidaftari wachore watu wanapoongea, wanapogombana, wanapocheka, na wasifute, wakimaliza kidaftari wachukue kingine. Raba basi umeshapata jibu lake. Mi kwa chalenji natumia kalamu ya wino, mstari ukikosea nauacha naweka wa pili pembeni yake, baada ya wiki unaona mwenyewe jinsi makosa yanavyohama kutoka begani kwenda kwingine.

Mikono jamani. Watu wangu wote wana mikono mifukoni.

Hahaha, na mashabiki wa mifuko mko wengi! Kosa la kwanza ni saizi. Weka kiganja usoni sasa hivi, sehemu ya chini ya kiganja kwenye kidevu, ncha ya kidole cha kati inafika karibu na nywele zinapoanzia. Mkono ni mkubwa hivyo, na wengi tunauchora nusu yake. Kosa la pili ni kuchora vidole kimoja kimoja kama ndizi kwenye chane. Chora glavu ya mtoto kwanza: kiganja kama kipande cha mkate, vidole vinne pamoja kama kofia moja, dole gumba peke yake, ukiridhika ndo utenganishe. Halafu utazame mkono wako wa kushoto kwa nyuma, vidole ni virefu eeh? Ugeuze uone kiganja, vidole hivyo hivyo vimekuwa vifupi, manake upande wa kiganja ile ngozi ya kati ya vidole inapanda na kufunika shina lake. Miaka nilikuwa nachora viganja vyenye vidole vya nyuma, nikawa najiuliza mbona vinafanana na buibui.

Modeli unaye, hadai malipo na hachoki. Wiki moja ya chalenji ifanye ya mkono wa kushoto tu, mitano kwa siku.

Naogopa kuchora watu hadharani, wakinistukia je?

Chagua aliyezama kwenye simu, au anayesubiri, au aliyesinzia. Akibadilisha pozi usimlaumu wala usimalizie kwa kukumbuka, anza mwingine pembeni kwenye ukurasa huo huo, manake watu wana mkao wao wanaoupenda, ndani ya dakika chache anarudi ule ule na we unarudi kwenye ule mchoro wa kwanza. Asiyetaka akikuonyesha hataki, funga daftari. Akiuliza unachora nini muonyeshe tu. Mi mzee mmoja alinistukia, nikampa daftari, akaangalia weee, akasema mwili ni wangu ila pua hii umeitoa wapi. Nikamtazama tena. Kweli haikuwa yake.