Usisome karatasi kabla ya kusikiliza

Pole sana dada. Umeuliza kama kaka yako anaweza kupinga mahakamani maandishi ya maneno ya ile rekodi ya sauti ya mwaloni Kirumba, Mwanza, iliyojaa kelele za injini na upepo. Anaweza. Wakili wake adai sauti yenyewe, si karatasi tu. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015 kinaitaka mahakama ipime kama namna rekodi ilivyotunzwa inaaminika.

Nawe usiyasome maandishi hayo kwanza, nakusihi! Ukishaona “nimemuua”, sikio litasikia hivyohivyo hata kama msemaji alisema “nimemjua”. Na kwa kuwa wanaosikika humo wanachanganya Kisukuma, mtafuteni Msukuma asiyeijua kesi kabisa, avae hedifoni, aandike anachosikia. Pasiposikika apaache wazi.