Jibu: Kahawa mbichi na iliyokaangwa kwenye deklarasyo moja

Dada, uliuliza kama magunia 50 ya kahawa mbichi na katoni za iliyokaangwa vinaweza kutoka Bukavu kupitia mpaka wa Ruzizi kwa namba moja ya tarifa (namba ya forodha ya aina ya bidhaa). Haiwezekani. Deklarasyo, yaani tamko la forodha, inaweza kuwa moja, ila kila bidhaa na mstari wake: mbichi 0901.11, iliyokaangwa 0901.21. Kusaga hakubadilishi namba; kuondoa kafeini ndiko kunaibadilisha (0901.12 na 0901.22). Kahawa yenye ganda lake la ndani bado ni mbichi, ila maganda matupu ni 0901.90.

Uzito ndio unakwamisha wengi. Magunia 50 ya kilo 60 ni kilo 3,000 safi, yaani kahawa bila gunia. Gunia tupu la juti likiwa na gramu 700, uzito wa jumla unakuwa kilo 3,035. Ukiandika 3,000 kwenye uzito safi na kwenye uzito wa jumla, mizani itakukatalia. Pima gunia tupu mwenyewe, usikisie.

Leseni ya EB (ya kuuza bidhaa nje ya nchi) ichukuliwe benki mapema. Kisha linganisha namba, kilo na bei kwenye leseni, fakturi, orodha ya mizigo na karatasi za ONAPAC (ofisi ya mazao ya kilimo) na OCC (ofisi ya ukaguzi wa bidhaa) kabla deklaranti, wakala wako wa forodha, hajaingiza chochote kwenye SYDONIA, mfumo wa kompyuta wa forodha. Tafadhali usimwachie peke yake, kwani anayeulizwa na DGDA (idara ya forodha ya Kongo) ni wewe mwenye mzigo.