Re: Wageni 12 sikukuu, sebule ndogo na bado imepoa

Habari mkuu. Kwa hiyo sebule ni ndogo, wageni 12, mapambo ushanunua kibao lakini chumba bado kimepoa kama ofisi. Mi kazi yangu ni kupanga nyumba za watu, na kabla hujanunua kingine angalia taa kwanza. Ile nyeupe ya dari izime, weka taa mbili tatu za mezani kwenye kona, balbu ziwe za mwanga wa njano zilizoandikwa 2700K, hapo tu utashangaa. Halafu ile meza ya katikati itoe kabisa, acha njia ya kama sentimita 90 watu wapite na sahani zao bila kuombana samahani kila dakika. Chakula weka pembeni kila mtu ajipakulie, usihangaike kuwakalisha wote mezani maana mtu mmoja anakula kama sentimita 60 za meza na kwa 12 hutoboi. Mapambo rangi mbili basi, majani mabichi kwenye chupa yanatosha. Mishumaa ya harufu weka mbali na chakula, mi niliiweka mezani mwaka mmoja supu ikanukia sabuni. Tupia picha ya hiyo sebule tuone.