Kabla ya kupiga Bach, uliza ni Bach yupi

Mara ya kwanza tulipopiga sonata ya trio (kazi ya sauti tatu: mbili za juu na besi) ya Carl Philipp Emanuel Bach, tuliipiga kama ya baba yake, Johann Sebastian. Tulikuwa wanne sebuleni: fidla mbili, kisha selo na kinanda wakishirikiana besi, mimi nikiwa fidla ya pili. Mwendo mmoja, nguvu ileile, kama cherehani. Ikatuchosha, tukaisingizia kuwa ni kazi dhaifu.

Ukitaka kusikia vizazi vya Baroko, muziki wa Ulaya wa tangu miaka ya 1600 hadi katikati ya miaka ya 1700, vilivyoachana, acha vitabu kwanza. Sikiliza sonata mbili tu: ile ya trio iliyomo ndani ya Sadaka ya Muziki ya Johann Sebastian, ya 1747, na ya mwanawe ya 1749. Zote ni C maina (C minor). Mzee alimtunukia Friedrich II wa Prussia kazi yake, na mfalme huyohuyo ndiye aliyekuwa mwajiri wa kijana.

Anza na besi. Kwa mzee, besi haibebi tu mizigo ya wenzake: katika Allegro ya kwanza, sehemu ya mwendo wa haraka, inalibeba lile wazo refu la mfalme, yaani tuni ambayo Friedrich alimpa mzee aifanyie kazi, huku sauti za juu zikikimbizana. Kwa hiyo mpiga selo asijifiche, na fidla zijue lini kumpisha.

Kwa kijana, besi imerudi nyuma, uwanja ni wa fidla mbili zinazobishana. Mmoja ana huzuni, mwingine mchangamfu. Mtunzi mwenyewe aliweka herufi kwenye noti na kueleza nani anasema nini. Mwenye huzuni anaanza taratibu, mchangamfu anamdakia kwa Presto, yaani mbio. Sisi tulizipita hizo kona bila hata kuvuta pumzi! Siku hizi nazizungushia kalamu ya risasi kila mahali tabia inapogeuka, tunanyamaza kidogo, ndipo tunaendelea. Kwa mzee usijaribu hivyo. Utamkata katikati ya sentensi.

Lakini msimfanye mzee kuwa wa kale mno. Andante ya sonata yake, sehemu ya mwendo wa wastani, imejaa noti zinazoshuka mbilimbili kama mtu anayeguna, namna iliyopendwa na watunzi vijana wa Berlin, akiwemo mwanawe. Hapo tulibishana sana. Mpiga kinanda wetu alitaka tuendelee na mwendo wa cherehani kwa kuwa jina juu ya karatasi ni Johann Sebastian. Nikamwomba aondoe mkono wa kulia, ule anaojazia noti zake mwenyewe juu ya besi, atuachie besi peke yake mistari minne. Aliporudisha mkono, alipiga nusu ya noti alizokuwa akipiga.