Maswali ya Wasomaji: Mtoto kavunja kioo cha gari, mzazi alipe?

SWALI: Mwanangu wa miaka 11 alirusha jiwe kwa manati, likavunja kioo cha mbele cha gari la jirani. Jirani ameniletea karatasi nitie sahihi kwamba nitalipa "hasara zote". Nabanwa kisheria kwa kuwa mimi ni mzazi tu?

JIBU: Ndugu msomaji, karatasi hiyo usiitie sahihi kwanza. "Hasara zote" haina kikomo: leo ni kioo, kesho ni siku ambazo gari halikutembea.

Kubanwa kwako kunategemea sheria ya nchi unayoishi. Uingereza, mzazi hadaiwi kwa sababu tu ya uzazi. Mdai lazima athibitishe kuwa mzazi mwenyewe alizembea. Ufaransa ni kinyume: tangu hukumu ya mahakama yake ya juu ya mwaka 1997, kusema ulimlea vizuri hakukuokoi. Ujerumani, kifungu cha 832 cha sheria ya madai kinakuhesabu umezembea mpaka uonyeshe ulimwangalia mtoto ipasavyo.

Uzembe hupimwa kwa mambo ya kawaida kabisa: nani alimpa manati, ulijua anairusha wapi, uliwahi kulalamikiwa kabla? Huko Japani, mtoto wa miaka 11 alipiga mpira golini shuleni, ukatokea barabarani, mzee wa pikipiki akaanguka alipoukwepa, na baadaye akafariki. Mwaka 2015 mahakama ya juu iliwaondolea wazazi lawama, kwa sababu kupiga mpira golini si mchezo ambao kwa kawaida huhatarisha watu. Manati ni jambo jingine. Imetengenezwa kurusha mawe. Kama uliinunua wewe na ukamwacha aichezee karibu na magari, msimamo wako ni dhaifu, na ni heri mpatane mapema. Kama ulishamkataza, na siku hiyo akaazima ya mwenzake, una la kujitetea.

Nenda ukakiangalie kioo na ukipige picha kabla hakijang'olewa. Pigo jipya huacha kishimo kidogo chenye nyufa safi zinazotawanyika kama nyota. Ufa wa zamani huwa na vumbi jeusi ndani yake. Omba makadirio ya mafundi wawili, bei ya kioo na ya kazi zikitenganishwa. Kisha muulize jirani kama bima yake imeshamlipa. Ikiwa imelipa, haki ya kukudai huenda imehamia kwa kampuni ya bima, nawe ukimlipa yeye unaweza kudaiwa mara ya pili. Kama nawe una bima ya nyumba inayogusa madhara kwa wengine, wapigie kabla hujaahidi chochote. Bima nyingi zinaweza kukataa kulipa ukishakiri bila idhini yao.

Mkielewana, andikeni kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya tukio, na sentensi hii: "Malipo haya yanamaliza madai yote ya tukio hili, bila kukiri kosa." Tieni sahihi nyote pamoja na mashahidi wawili, na uondoke na risiti.

SWALI: Mtoto akimuumiza mwenzake shuleni je?

JIBU: Saa za masomo uangalizi uko kwa shule, kwa hiyo mara nyingi madai huanzia huko, ingawa hili nalo hutegemea sheria ya nchi. Lakini ukijua mwanao hupiga wenzake kwa vitu vyenye ncha na ukawaficha walimu, lawama inaweza kukurudia.