Moyo wa mwanangu ni mzima, mbona kifua kinamuuma?

*"Shikamoo shangazi. Mwanangu wa kiume ana miaka 16, yuko kidato cha nne hapa Tanga. Tangu mwezi wa sita hushikwa na maumivu ya kifua upande wa kushoto, moyo humwenda mbio, vidole hufa ganzi, naye husema pumzi hazishuki. Zahanati walimpa dawa za vidonda vya tumbo, hazikusaidia. Hospitali akapigwa picha ya kifua na kupimwa umeme wa moyo, tukaambiwa ni mzima. Sasa baba yake anasema anajitia ugonjwa kwa kuogopa mtihani, na mama mkwe anataka asomewe. Nyumba haina raha tangu baba mkwe, mzee wa miaka 74, alipoanguka na kufariki mwezi wa nne akiwa ameshika kifua. Siku hiyo alikuwa na kijana huyu peke yake. Nifanye nini?" — Mama wa Ngamiani*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya lolote, naomba mumeo ajue kwamba kijana hajitii. Daktari aliposema moyo ni mzima hakusema kwamba maumivu hayapo. Mtu anapoingiwa na hofu, mwili humwaga homoni ya adrenalini, moyo ukadunda kwa kasi, misuli ya katikati ya mbavu ikakaza hadi ikauma, na pumzi zikawa fupi na za harakaharaka. Kupumua hivyo hutoa mwilini hewa nyingi mno ya kaboni dayoksaidi, na upungufu wa hewa hiyo katika damu ndio unaoleta ganzi ya vidole, kizunguzungu na ile hali ya kuhisi kwamba pumzi hazishuki hata mtu akivuta kwa nguvu zake zote. Kijana akiyahisi hayo huamini kwamba anakufa, hofu ikazidi, na maumivu nayo yakazidi. Mara nyingi hali hii hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha hupungua yenyewe.

Kwa umri wake, maumivu ya kifua yanayotokana na moyo ni machache. Mara nyingi zaidi chanzo huwa ni misuli na mbavu, pumu, kiungulia, au hofu kama hii. Hata hivyo, mrudishe hospitali bila kungoja iwapo maumivu yatamjia anapokimbia au kucheza mpira, akizimia, akipata homa, akivimba miguu, au akikohoa kwa wiki mbili na zaidi. Ikiwa utotoni aliwahi kuugua koo na kufuatiwa na maumivu ya viungo, au ikiwa ana selimundu, daktari lazima ajue. Kuhusu babu yake, kifo cha mzee wa miaka 74 hakimfanyi mjukuu awe na moyo mbovu. Kinachowatia madaktari wasiwasi ni ndugu waliofariki ghafla wakiwa bado vijana, na kama wapo katika ukoo wenu, wataje.

Lakini ni huo msiba, mwanangu, ulionifanya niisome barua yako mara tatu. Umeutaja mwishoni, kama habari ya nyumba na si ya mtoto. Kijana alimwona babu yake akishika kifua na kuanguka, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumsaidia. Miezi miwili baadaye yeye mwenyewe anashika kifua. Katika matanga watu walikupeni pole wewe na mumeo, hitima ikasomwa, wageni wakalishwa. Je, kuna aliyemkalisha kijana akamwuliza aliona nini? Wavulana wetu huambiwa wajikaze, nao hujikaza kweli, hadi kifua kinasema kwa niaba yao. Inawezekana pia kwamba anajilaumu, akiwaza kuwa angekimbia kuita bajaji mapema babu angepona. Mtihani wa Novemba unamwongezea mzigo, sikatai, na kuuogopa si aibu.

Mama mkwe akitaka asomewe, na asomewe. Dua haimdhuru, na huenda ikamtuliza. Ninachokikataa ni kumwambia kwamba amepandwa na jini, kwa sababu mtoto aliyekwisha kuogopa kufa asiongezewe kitu kingine cha kuogopa. Tena dua isichukue nafasi ya tiba. Nendeni hospitali ya Bombo hapo Tanga, mkaulizie huduma ya afya ya akili, maana tiba ya mazungumzo husaidia sana katika hali hii. Akiona haya kusema mbele yenu, namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure. Na umwulize wazi kama amewahi kutamani kufa. Kumwuliza hakumpandikizii wazo hilo, na akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata kidogo mpaka afike hospitali.

Hali ikimjia, msimzunguke nyumba nzima wala msimpepee kwa vishindo. Mmoja tu akae naye, sauti iwe ya chini, avute pumzi kwa pua akihesabu hadi nne na kuishusha taratibu akihesabu hadi sita, mkono ukiwa tumboni. Afanye zoezi hilo hata siku ambazo ni mzima, ili mwili ulizoee. Kama anakesha akisoma kwa nguvu ya kahawa au vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya makopo, aviache, kwani huudundisha moyo na kumnyima usingizi.

Kazi iliyobaki ni ya mumeo, na ninaileta kwake kwa heshima, kwa sababu naye amefiwa na baba yake na huenda hajalitamka hilo mbele ya mwanawe. Siku moja baada ya alasiri wafuatane kwa miguu hadi Raskazone, wakae wanatazama bahari, aanze yeye kwa kusema jinsi anavyomkumbuka mzee. Kisha amwulize kijana siku ile ilikuwaje, na akianza kusimulia, asimkatize.